Kazi ya mtaalamu wa wadudu wadogo kabisa: jibu kwa msomaji

Swali: Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya biolojia. Tangu tulipofundishwa kutumia hadubini nimevutiwa na wadudu wadogo mno, hasa nyigu wasiofikia urefu wa milimita moja, na ningependa kuwa mtaalamu wao. Nyumbani wananiuliza ni nani atakayenilipa kwa kazi hiyo, na baadhi ya walimu wangu wanasema kwamba siku hizi vipimo vya vinasaba vinamaliza yote. Je, kazi hii ipo kweli? Mtaalamu wake hushinda akifanya nini, na nijiandae vipi?

Jibu:

Kazi ipo, ndugu msomaji, ila sidhani kama ipo kwa sura unayoifikiria. Sijapata kuona tangazo la kazi linalotafuta mjuzi wa wadudu wadogo kwa jumla, kwa sababu udogo si kundi la viumbe. Miongoni mwa wadudu wenye urefu wa milimita moja au mbili kuna nyigu, mbawakawa, usubi, thripsi (wadudu wembamba wa maua na majani), inzi weupe na vidung'ata (wadudu wenye unga mweupe wanaofyonza mimea), ambao asili zao ziko mbalimbali na kila mmoja ana maandiko yake, mbinu zake za kuhifadhiwa na wataalamu wake. (Utitiri, ambao watu wengi huwajumuisha humo, si wadudu kabisa, wana miguu minane na ni jamaa wa buibui.) Anayeajiriwa ni yule anayelijua kundi moja kiasi kwamba jina analolitoa linaaminika, na kuna mtu mahali fulani, awe ofisa wa karantini ya mimea, mkulima au daktari wa mifugo, ambaye hawezi kuendelea na shughuli yake mpaka alipate jina hilo. Karibu kila nitakalokuambia hapa linatokana na hilo: chagua kundi, kisha ujue ni nani anayelihitaji.

Hata hivyo sitaki uache kuvutiwa na udogo wenyewe, kwa kuwa ni uwanja halali wa sayansi. Mdudu mzima mdogo kuliko wote anayejulikana ni dume la nyigu aitwaye Dicopomorpha echmepterygis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1997 kutokana na vielelezo vya Illinois, Marekani. Mdogo kabisa kati ya waliopimwa alikuwa na urefu wa milimita 0.139. Dume huyo hana mabawa wala macho, na hukulia ndani ya yai la mdudu mwingine. Nyigu mwingine, Megaphragma mymaripenne, ana urefu wa takriban milimita 0.2, yaani analingana na viumbe wa seli moja kama parameshiamu, na bado huruka, hutafuta mayai ya thripsi na kutaga ndani yake. Mwaka 2012 mtafiti wa Moscow, Alexey Polilov, alionyesha kwamba mfumo wa neva wa nyigu huyo una seli za neva zipatazo 7,400 tu, na kwamba zaidi ya asilimia 95 ya seli hizo hupoteza viini vyake kabla mdudu hajatoka kwenye hatua ya pupa. Mdudu huyo huishi utu uzima wake wote, ambao ni wa siku chache, akiwa na ubongo ambao seli zake nyingi hazina viini. Swali la jinsi jambo hilo linavyowezekana halijafungwa, na ni la aina ambayo mtu anaweza kulifanyia kazi miaka mingi.

Kuruka pia hubadilika. Kwa kiumbe wa ukubwa huo hewa huwa inanata kama mafuta mazito, na bawa pana la utando halina faida kubwa. Ndiyo maana thripsi, nyigu wadogo na mbawakawa wa familia ya Ptiliidae, ambao hawana undugu wa karibu, wote wameishia kuwa na mabawa membamba kama kijiti yaliyozungukwa na nywele ndefu. Mwaka 1973 Torkel Weis-Fogh alieleza jinsi nyigu Encarsia formosa anavyoyagonganisha mabawa yake juu ya mgongo na kisha kuyafungua kwa ghafla ili apate nguvu ya kuinuka. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa mbawakawa Paratuposa placentis, unaoonyesha kwamba mabawa yake ya manyoya huchora mzunguko mpana wa umbo la nane, huku yale magumu ya juu yakisaidia kuzuia mwili usiyumbe. Usisahau na maji: tone dogo ambalo kwetu si kitu linaweza kumnasa mdudu wa namna hii asitoke tena, kwa kuwa mvutano wa uso wa maji unazishinda nguvu zake.

Sasa niingie kwenye kazi ya kila siku, kwa maana hapo ndipo wengi hukata tamaa au hugundua kwamba wamefika kwao. Sehemu kubwa ya muda haipiti porini. Mitego ndiyo inayokusanya: mtego wa Malaise, ambao ni kama hema la wavu linalowaongoza wadudu kupanda hadi kwenye chupa ya alkoholi, sahani za manjano zenye maji na tone la sabuni, sabuni hiyo ikiwa ni ya kuvunja mvutano wa uso nilioutaja ili mdudu azame, na faneli ya Berlese, iliyobuniwa mwaka 1905, ambayo huwafukuza wadudu kutoka kwenye majani makavu na udongo kwa joto na ukavu mpaka waangukie chupani. Chupa moja ya Malaise iliyokaa wiki moja msimu wa mvua inaweza kuwa na maelfu ya wadudu, na kuichambua kwa makini huchukua siku nyingi kuliko ilivyochukua kuijaza. Unamimina kidogo kwenye kisahani, unaweka chini ya hadubini ya kuchambulia, na unaanza kutenga: nzi huku, nyigu huku, mbawakawa kule. Mwanafunzi asiye na subira hutenga wale wakubwa na kumwaga kile kinachoonekana kama vumbi chini ya kisahani. Vumbi hilo ndilo lenye wadudu unaowataka wewe.

Kisha huja kuwaweka kwenye slaidi, na hapa naomba unifuate hatua kwa hatua kwa sababu ndipo ufundi wenyewe ulipo. Nyigu hutolewa kwenye alkoholi na kulowekwa ndani ya mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa asilimia 10 mpaka nyama za ndani ziyeyuke na ganda libaki likipitisha mwanga. Akikaa mno, vipapasio huanza kuachia viungo. Husafishwa kwa maji, kisha hupitishwa kwenye alkoholi hafifu, halafu kali zaidi, hata maji yote yatoke mwilini. Baada ya hapo huingizwa kwenye mafuta ya karafuu, ambayo humlainisha na kumtayarisha kupokea utomvu wa Canada balsam utakaomshika daima. Ndipo unachukua sindano mbili nyembamba kabisa na kuanza kumpanga: mabawa ya upande mmoja hukatwa na kulazwa peke yake, kichwa hutenganishwa na kulazwa uso ukitazama juu, vipapasio hunyooshwa, na mwili huwekwa ubavu au mgongo kutegemea kundi. Tunamsogeza kwa unywele wa kope uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti, kwa sababu pini ya chuma humtoboa. Kila sehemu hupata kifuniko chake cha kioo, na slaidi hukaa kwenye joto la wastani kwa wiki kadhaa hata utomvu ukauke. Ukiisha kumaliza, andika lebo papo hapo: mahali, tarehe, mtego, mkusanyaji. Kielelezo kizuri kisicho na lebo hakina thamani ya kisayansi, na makabati ya makumbusho mengi yana vya kutosha vya namna hiyo.

Baada ya hapo ndipo kusoma kunapoanza. Kwa thripsi unahesabu pingili za kipapasio, kama ni saba au nane, na unatazama mahali hasa zilipoota jozi za nywele karibu na vijicho vya juu ya kichwa. Kwa nyigu wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wengine unahesabu pingili za kirungu cha kipapasio, yaani ncha yake iliyonenepa, na kufuata mistari ya nywele bawani. Tofauti ya unywele mmoja inaweza kuwa tofauti ya spishi, na inaweza pia kuwa kasoro ya mdudu mmoja tu, na kujua lipi ni lipi hakupatikani isipokuwa kwa kutazama vielelezo vingi mno.

Utauliza kama unywele huo unamhusu mtu yeyote nje ya maabara. Nitajibu kwa kisa cha kidung'ata cha muhogo. Katika miaka ya 1970 mdudu huyo, aliyetoka Amerika Kusini bila maadui wake wa asili, aliingia Afrika na kuharibu mashamba ya muhogo kwa kasi kubwa. Mwaka 1977 alipewa jina Phenacoccus manihoti. Watafiti walirudi Amerika kutafuta nyigu wanaomshambulia, wakapata upande wa kaskazini wa Amerika Kusini kidung'ata aliyefanana naye sana juu ya muhogo. Nyigu wa huko hawakufaa. Sababu ilibainika baadaye, pale wataalamu wa uainishaji walipoonyesha kwamba yule alikuwa spishi nyingine, ambayo mwaka 1981 iliitwa Phenacoccus herreni. Dalili moja ilikuwa wazi kwa anayejua kutazama: herreni ana madume, ilhali manihoti huzaana kwa majike peke yao. Mwaka huohuo Anthony Bellotti alimpata mdudu halisi Paraguay, na pamoja naye akapatikana nyigu mdogo Anagyrus lopezi. Nyigu huyo alifugwa na kuachiliwa katika nchi nyingi za ukanda wa muhogo, akamdhibiti kidung'ata, na Hans Rudolf Herren aliyeongoza mpango huo akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kidung'ata yuleyule alipotokea Thailand mwaka 2008, nyigu yuleyule alipelekwa huko kutoka Benin. Kwa maoni yangu hakuna hoja nzuri kuliko hiyo ya kuwapa wazazi wako: tofauti ndogo kati ya wadudu wawili iliwapeleka watafiti mahali pasipofaa, na ilipojulikana ikafungua njia ya kuokoa chakula cha mamilioni ya watu.

Kuhusu vinasaba, walimu wako wana sehemu ya ukweli, na ningekuwa sikutendei haki nikikuambia upuuze. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Guelph, Kanada, walipopendekeza kipande cha jeni ya COI chenye urefu wa takriban herufi 650 kitumike kama alama ya utambulisho, kazi nyingi zimekuwa nyepesi. Lava asiye na alama yoyote anaweza kuunganishwa na mdudu mzima. Inzi mweupe Bemisia tabaci, ambaye hueneza virusi vya mimea, ameonekana kuwa mkusanyiko wa spishi zaidi ya 30 ambazo jicho halizitofautishi hata chini ya hadubini, na hapo vinasaba havina mpinzani. Lakini herufi hizo zenyewe hazina jina. Mashine itakuambia kwamba sampuli yako inafanana na nyingine iliyo kwenye hifadhidata, na kama ile ya kwanza iliitwa vibaya na mtu asiyelijua kundi, kosa litaenea kwa kila atakayeifuata. Isitoshe, kwa makundi mengi ya wadudu wadogo hifadhidata ina misururu ya herufi isiyo na jina la spishi, kwa sababu hajapatikana mtu wa kukaa na vielelezo na kuvieleza. Siku hizi njia hizi mbili hukutana katika mdudu mmoja: nyigu hulowekwa kwenye kimiminika kinachotoa vinasaba bila kumponda, kisha ganda lake tupu huwekwa kwenye slaidi kwa utaratibu nilioueleza. Anayeweza kufanya yote mawili kwa mkono wake mwenyewe ndiye anayetafutwa, na sioni kwa nini uchague upande mmoja.

Wanaolipa ni akina nani basi? Karantini ya mimea, kwanza. Shehena ya maua ikifika bandarini au uwanja wa ndege na ndani yake kukaonekana thripsi, mtu lazima aseme haraka kama ni spishi iliyokwisha kuwamo nchini au ni mgeni hatari, kwa sababu thripsi wachache miongoni mwa maelfu ya spishi zake hueneza virusi vya mimea, na maua hayangoji. Kazi hii ina shinikizo, haina sifa nyingi, na kwa kadiri ninavyoona ndiyo yenye ajira thabiti kuliko zote. Pili ni udhibiti wa kibayolojia. Yule Encarsia formosa niliyemtaja amekuwa akitumika dhidi ya inzi weupe wa nyumba za kioo tangu miaka ya 1920. Tunutu wa inzi mweupe aliyetagiwa na nyigu huyo hubadilika kuwa mweusi, na mkulima huweza kumtambua kwa macho. Nyigu wa jenasi Trichogramma, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, hufugwa kwa wingi mkubwa na makampuni ya nchi nyingi, na makampuni hayo yanahitaji mtu wa kuhakikisha kwamba spishi inayofugwa haijachanganyika na nyingine na kwamba majike yanatosha. Tatu ni afya ya watu na mifugo: usubi wa jenasi Culicoides, wenye urefu wa milimita moja hadi tatu, hueneza virusi vya ugonjwa wa ulimi wa bluu wa kondoo, na ugonjwa huo ulipozuka Ulaya ya kaskazini mwaka 2006 nchi kadhaa zilijikuta zikihitaji kwa haraka watu wanaoweza kuwatenganisha kwa mabaka ya mabawa yao. Makumbusho na vyuo vikuu, mahali ambapo kila mwanafunzi hutamani, nafasi zake ni chache na mikataba mingi ni ya miradi ya miaka miwili au mitatu. Usijenge mpango wako wote juu ya nafasi hizo.

Njia ya masomo haina siri. Baada ya shahada ya kwanza utahitaji uzamili, na kama unataka kuongoza utafiti, uzamivu. Ninachokushauri ni kumchagua msimamizi kabla ya chuo, kwa kuwa ufundi wa slaidi haujifunzwi vizuri kwa maandishi. Hujifunzwa ukikaa kando ya mtu anayeujua. Jifunze takwimu na uandishi wa programu ndogondogo za kuchambua data. Zisome kanuni za kimataifa za majina ya wanyama mapema, jinsi kielelezo kimoja kinavyoteuliwa kubeba jina la spishi, na kwa nini hesabu ya majina huanzia mwaka 1758. Jifunze kupiga picha za tabaka nyingi na kuziunganisha, lakini jifunze pia kuchora kwa mkono, maana anayechora hulazimika kuona. Na jitayarishe kusoma maelezo ya zamani kwa Kijerumani, Kifaransa na Kirusi, walau kwa msaada wa kamusi.

Yapo na mambo ambayo matangazo ya vyuo hayasemi. Macho huchoka, na shingo na mgongo huumia mapema kama kiti na meza havilingani na hadubini, kwa hiyo usione haya kudai kiti kizuri. Kazi ni ya upweke. Kwa baadhi ya makundi watu wanaoweza kusoma makala yako kwa kuielewa kikamilifu wanatosha chumba kidogo. Upweke huo umewaathiri watu kwa namna tofauti. Alexandre Arsène Girault, aliyefanya kazi Queensland, Australia, na kufariki mwaka 1941, alieleza spishi zaidi ya 3,000 za nyigu wadogo, nyingi kwenye vijitabu alivyovichapisha kwa fedha zake, kwa maelezo mafupi mno na slaidi ambazo warithi wake wamehangaika nazo miaka na miaka. Miriam Rothschild, kwa upande mwingine, hakupata shahada kwa kusoma chuoni, lakini orodha yake ya viroboto iliyotoka kwa majuzuu kuanzia mwaka 1953, pamoja na uchunguzi wake wa jinsi uzazi wa kiroboto wa sungura unavyofuata homoni za sungura mwenyewe, vilimfanya achaguliwe kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 1985. Alikuwa na mali ya familia nyuma yake, jambo ambalo si haki kulificha unapomtaja kwa kijana. Ila tofauti iliyobaki kati ya hao wawili ni kwamba Rothschild aliandika ili wengine waweze kuendelea alipoishia.

Kabla hujamaliza mwaka huu, muombe mwalimu wako chupa moja ya mtego ambayo haijachambuliwa. Idara nyingi zinazo, zimekaa kwenye rafu. Tenga nyigu wadogo wote hadi ngazi ya familia ukitumia ufunguo wa utambuzi uliochapishwa (mfululizo wa maswali yanayokuongoza hadi kwenye jina), na uandike kila unapokwama. Kisha chukua familia moja, Mymaridae au Trichogrammatidae kwa mfano, utengeneze slaidi za wachache, uharibu baadhi na upate mkono. Ukiona kwamba saa tatu zimepita bila kuangalia saa, una dalili nzuri. Ukiona umeangalia saa kila robo, bado karantini na udhibiti wa kibayolojia vina kazi nyingine nyingi zisizohitaji kukaa hivyo. Ukiwa na slaidi nzuri, mwandikie mtaalamu wa familia hiyo barua fupi yenye picha za bawa, kipapasio na mwili wa ubavuni, kipimo kikiwa kwenye picha, pamoja na jina unalodhani ni sahihi na sababu zako. Barua za namna hiyo hujibiwa mara nyingi kuliko zile zinazouliza tu kama kuna nafasi ya masomo. Akikuomba umtumie vielelezo vyenyewe, uliza kwanza chuoni kuhusu vibali, kwa sababu tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za vinasaba, ilipoanza kutumika mwaka 2014 nchi nyingi zinataka ruhusa ya maandishi kabla sampuli za viumbe hazijavuka mpaka, na makumbusho mengi hayapokei kifurushi kisicho na karatasi hizo.